Mama, Ipime Kwaresima Yako kwa Jumanne

Mwaka mmoja, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, niliketi nikaandika mpango wangu wa Kwaresima nyuma ya daftari la kikoba. Misa kila asubuhi. Rozari nzima kila jioni. Nyama hapana, sukari hapana, simu hapana baada ya saa mbili usiku. Njia ya Msalaba kila Ijumaa bila kukosa. Mpango ule ulinipendeza mpaka Jumanne ya wiki iliyofuata. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto wa mwisho alipandisha homa, alfajiri bomba halikutoa maji, na kazini nilifika nimechelewa, mkononi andazi, tumboni chai ya vijiko vitatu vya sukari. Ijumaa ilipofika nilikuwa nimeshaacha yote, nikajiambia nitajaribu mwakani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nilikuwa nimepanga kwa akili ya Dominika, siku ambayo watu wamependeza, kwaya inaimba na moyo ni mwepesi. Lakini kati ya Majivu na Pasaka Dominika ni sita tu. Zinazobaki ni siku za sare ambayo haijakauka, daladala iliyojaa, bosi anayedai ripoti na mtu anayeuliza soksi zake ziko wapi. Tangu mwaka ule nina kanuni moja, na ushauri wote ulio hapa chini unatoka humo: usimwahidi Mungu jambo ambalo huwezi kulitimiza Jumanne ambayo mtoto ana homa.

Jua kwanza Kanisa linadai nini

Wengi wetu hujitwisha mambo ambayo hakuna aliyetuamuru, kisha tukichoka tunaangusha hata yale machache tuliyoamriwa. Basi tuanze na machache hayo.

Kwa sheria ya Kanisa zima, siku za kufunga ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria hiyo inamhusu mtu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Kufunga maana yake, kwa desturi iliyozoeleka, ni mlo mmoja wa kushiba na vitafunio viwili ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo kamili. Kujinyima nyama kunaanza mapema zaidi, mtu akishatimiza miaka 14, na kunahusu siku hizo mbili pamoja na Ijumaa. Hata hivyo, maaskofu wa kila nchi wana mamlaka ya kupanga namna Ijumaa zinavyoadhimishwa, kwa hiyo sikiliza matangazo ya parokia yako Dominika inayotangulia Majivu.

Kuku ni nyama. Samaki na dagaa si nyama kwa maana ya sheria hii. Mayai na maziwa hayakatazwi. Papa Paulo wa Sita aliliweka wazi jambo hilo mwaka 1966 katika hati yake iitwayo Paenitemini.

Mjamzito na mama anayenyonyesha hawabanwi na kufunga. Vivyo hivyo mgonjwa, au mtu anayetumia dawa zinazohitaji chakula. Kama una kisukari au vidonda vya tumbo, usijifanye shujaa. Kama kazi yako ni ya nguvu, ya kubeba matofali au kulima kutwa, zungumza na paroko. Yeye ndiye wa kukuongoza. Mwili unaolisha kichanga tayari unatoa sadaka, na Kanisa linalijua hilo.

Jambo jingine linalowatesa akina mama: Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri. Ukikosa Misa kwa sababu ya kazi au mtoto, hujatenda dhambi. Ulizia tu kama kuna Misa ya alfajiri au ya jioni, na kigangoni ulizia saa ya ibada ya majivu inayoongozwa na katekista. Ukishindwa kabisa, funga siku hiyo, omba nyumbani, endelea na safari.

Hesabu ya siku nayo ijue, maana inafariji. Tangu Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ondoa Dominika sita, zinabaki 40. Dominika si siku ya mfungo hata ndani ya Kwaresima, kwa hiyo ule wali wa nazi na kuku wa familia una mahali pake.

Chagua matatu, kisha punguza

Nguzo za Kwaresima ni tatu: sala, kufunga na matendo ya huruma. Injili ya Jumatano ya Majivu, kutoka Mathayo sura ya 6, inazitaja zote tatu. Chukua karatasi ndogo, andika jambo moja chini ya kila nguzo. Moja, si mawili.

Ukishaandika, liulize kila jambo maswali matatu. Je, nitaliweza siku nisiyolala usiku? Je, litamwongezea mtu mwingine kazi? Je, nitajua jioni kama nimelifanya au sikulifanya? Ahadi ya “nitakuwa mvumilivu zaidi” haipimiki; ikifika jioni utajionea huruma au utajilaumu bure. Ahadi ya “sitamfokea mtoto kabla hajapanda basi la shule” inapimika. Ukiona jambo ni kubwa, likate nusu. Hiyo nusu ndiyo utakayofika nayo Pasaka.

Karatasi hiyo ibandike mahali unapopaona wewe tu, ndani ya mlango wa kabati kwa mfano. Injili ileile inatuonya tusifunge ili tuonekane, na siku hizi paji la uso lenye majivu hufika kwenye status kabla mwenyewe hajafika nyumbani.

Sala: itundike kwenye kazi unayofanya tayari

Mama hapati nafasi ya kusali, anaiiba. Njia rahisi ni kuifunga sala kwenye jambo linalotokea kila siku hata usipotaka.

Asubuhi, sali majitoleo kabla ya kushika simu. Ni sala ya nusu dakika: unamkabidhi Mungu kazi, furaha na taabu za siku nzima. Ukishaisali, kufua, kupika na kusimama kwenye foleni vimeshatolewa sadaka. Maji ya chai yanapochemka jikoni, una dakika kadhaa ambazo hakuna anayekudai. Hapo panatosha kusoma Injili ya siku, na kama macho ni mazito, soma mistari miwili ubaki nayo.

Saa sita mchana, kama kazi inaruhusu, sali Malaika wa Bwana kimyakimya. Hakuna atakayejua. Njiani kurudi, kama umepata siti kwenye daladala au mwendokasi, vidole kumi vinatosha kuwa rozari. Kama umesimama umeshika bomba, salia akilini.

Usiku usiahidi Rozari nzima na watoto wanaosinzia. Tendo moja linatosha: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Chagua kutoka matendo ya uchungu, na umwachie mtoto mmoja aliseme tendo lenyewe kwa maneno yake. Dakika tano zimeisha, na kila mtu yuko macho.

Njia ya Msalaba ndiyo ibada inayowapa wengi wetu majuto, kwa sababu husaliwa Ijumaa jioni wakati bado uko barabarani. Hapa jumuiya ina msaada ambao hatuutumii vya kutosha. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa liishi mtaani, mlango kwa mlango. Basi itumie jumuiya yako hivyo. Tafuta mama mwenzako mmoja, mpokezane watoto: Ijumaa hii wewe unabaki na wanao na wake, yeye anakwenda kanisani, Ijumaa ijayo mnabadilishana. Kila mmoja atapata Njia ya Msalaba tatu kwa utulivu, jambo ambalo ni bora kuliko kukosa zote, au kwenda sita huku unamfukuza mtoto kati ya mabenchi.

Kufunga: jikoni na mdomoni

Kwa siku mbili za mfungo, panga milo jana yake. Mfano: asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo au kiazi kitamu, mchana ndizi mbili au bakuli dogo la uji, jioni ugali, maharage na mchicha, ule ushibe. Mlo mkubwa uweke saa ambayo nguvu zinahitajika. Kama jioni ndipo unapoogesha watoto watatu na kusimamia kazi za shule, usifike hapo ukiwa umekauka, maana njaa ya mama hulipwa na watoto kwa makofi na makelele. Anayepika chakula cha kuuza ana mtihani wa peke yake, kunusa pilau kutwa bila kula. Huyo na aonje chumvi kwa ncha ya ulimi, asiwe na wasiwasi.

Kwa Ijumaa, jiwekee mzunguko wa vyakula usihitaji kuwaza: wiki moja makande, nyingine maharage ya nazi, nyingine dagaa, nyingine mbaazi, nyingine kisamvu cha karanga. Makande na maharage yaloweke Alhamisi usiku. Yanaokoa mkaa au gesi na yanaiva upesi. Na hapa tuambizane ukweli: kukwepa nyama ya kawaida kisha ukaagiza sato mkubwa wa kukaanga kwa bei mara mbili ni kutii sheria na kuikimbia maana yake. Ijumaa ya Kwaresima inatakiwa iwe nyepesi mfukoni, ili kitakachobaki kipate pa kwenda.

Kama mume wako si Mkatoliki, au watu wengine nyumbani hawafungi, usiigeuze Ijumaa kuwa vita ya sufuria. Mweleze mapema, mwombe akubali chakula kimoja kwa wote mara moja kwa wiki. Akikataa, mpikie nyama yake, wewe chukua mchuzi wa mboga. Kumpakulia mwingine kitoweo ambacho wewe huli ni mfungo tosha.

Miaka hii tuna jirani wa kutufundisha. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, wiki ileile ulipoanza mwezi wa Ramadhani, na mwaka 2027 itakuwa tarehe 10 Februari, Ramadhani ikitarajiwa kuanza siku hizohizo. Katika nyumba za kupanga, ukuta mmoja tu hutenganisha anayeamka kula daku na anayeamka kuwahi Misa. Tazama jirani anavyofunga: anajua saa ya kuanza na saa ya kufungua, na nyumba nzima inakwenda pamoja. Kwaresima yetu mara nyingi ni ya mtu mmoja mmoja, ndiyo maana hulegea. Jifunze hilo kwake, na kama analeta sahani ya futari, pokea kwa shukrani. Ikiangukia Ijumaa na ina nyama, wape watoto wadogo au iweke hadi kesho. Usimrudishie mtu ukarimu wake.

Kuna mfungo mwingine ambao kwa mama wengi ni mgumu kuliko nyama, nao ni mfungo wa maneno na simu. Chagua saa moja ambayo simu inakaa mbali, na saa nzuri kuliko zote ni ile watoto wanaporudi kutoka shule. Toka kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo kila ukilifungua unatoka umemsengenya mtu. Ukisikia habari ya mwenzio saluni, isimfikie mwingine kupitia kwako. Tumbo likikosa nyama linazoea kwa wiki moja. Ulimi hauzoei, inabidi uanze upya kila asubuhi.

Sadaka: anzia ndani ya uzio wako

Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, somo la kwanza la Misa hutoka kwa nabii Isaya sura ya 58. Humo Mungu anawakaripia watu wanaofunga kwa bidii huku wakiwatumikisha na kuwaonea wafanyakazi wao. Kila nikilisikia namkumbuka dada wa kazi.

Tuseme wazi. Akina mama wengi wa mjini tunaweza kwenda jumuiya, kwaya na Njia ya Msalaba kwa sababu kuna binti amebaki nyumbani na mtoto wetu mgongoni. Kwa hiyo kabla hujajaza bahasha ya parokia, jiulize kama mshahara wake umelipwa kwa tarehe mliyokubaliana. Kama yeye ni Mkatoliki, naye ana Kwaresima: ana Misa yake, ana majivu yake, ana kitubio chake. Mpe zamu. Kama unaacha nyama, usimwachishe yeye bila kumuuliza. Na kama ahadi yako ya kuwahi Misa ya alfajiri inamfanya aamke saa kumi badala ya saa kumi na moja, ahadi hiyo unaitoa kwa usingizi wa mtu mwingine.

Baada ya hapo hesabu za fedha ni rahisi. Chagua kitu kimoja unachonunua kila siku bila kufikiri, soda au vocha ya ziada, na fedha yake itie kwenye kopo siku hiyohiyo. Kwa shilingi 1,000 kwa siku, siku 40 ni shilingi 40,000. Usisubiri kukusanya mwishoni. Fedha isiyotengwa asubuhi jioni huwa imeshapata matumizi. Amua mapema itakwenda wapi: kwenye bahasha ya parokia, kwa mgonjwa wa jumuiya yenu, au kwa mtoto wa jirani asiye na daftari.

Kama fedha hakuna, na miezi mingine kweli hakuna, matendo ya huruma hayahitaji kopo. Kanisa linahesabu 14, saba ya mwili na saba ya roho, na mama hufanya nusu yake kabla ya saa nne asubuhi: kulisha wenye njaa, kuwanywesha, kuwavika, kuuguza, kufundisha, kuvumilia wasumbufu. Ongeza moja tu nje ya familia yako. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki kilichoanzishwa nchini mwaka 1972, kina mazoea ya kuwatembelea wagonjwa na wenye shida. Ukijiunga na safari yao moja katika kipindi hiki, hutahitaji kupanga yako peke yako.

Watoto: waonje, wasibebeshwe

Walio chini ya miaka 14 hawabanwi na sheria yoyote ya mfungo, ila Kanisa linawataka wazazi na wachungaji wawafundishe maana ya toba. Mtoto wa miaka sita akiamua mwenyewe kuacha pipi siku ya Ijumaa, msifu. Akiisahau ahadi yake saa nne asubuhi, usimwambie Yesu amekasirika.

Mambo mawili hufanya kazi vizuri nyumbani. La kwanza ni kopo la watoto: waache walipambe kwa karatasi ya zambarau, rangi wanayoiona kanisani, na watie sarafu zao wenyewe badala ya kuomba yako ya kutia. La pili ni Njia ya Msalaba ya nyumbani. Vituo ni 14. Chukua viwili kila usiku kabla ya kulala, na kwa wiki moja mmemaliza. Mtoto ashike mshumaa, wewe simulia kituo kwa sentensi chache, mwisho mwombee mtu mmoja kwa jina. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, mwachie mtoto akueleze wewe.

Waoneshe pia kinachokosekana kanisani. Kwaresima haina Aleluya wala Utukufu, isipokuwa siku za sherehe Utukufu unaporudi. Waambie wasikilize siku Aleluya itakaporudi. Mtoto aliyeusubiri wimbo huo wiki sita hatasinzia Pasaka.

Kitubio na Juma Kuu: usingoje foleni

Kanisa linatudai kuungama dhambi kubwa walau mara moja kwa mwaka, na wengi wetu tunaipanga siku hiyo katika Juma Kuu, pamoja na parokia nzima. Foleni inazunguka kanisa, mtoto analia, padre amechoka. Nenda katika wiki ya pili au ya tatu. Uliza ofisini saa za maungamo za siku za kazi, au mwombe paroko dakika kumi baada ya Misa ya asubuhi. Dhamiri itafiti wakati unakunja nguo: kila nguo ina mwenyewe, na ukiishika utakumbuka ulichomtendea.

Juma Kuu nalo lina mtego wake. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko ya kitaifa, lakini Alhamisi Kuu ni siku ya kazi, na Jumamosi Kuu mara nyingi huishia sokoni tukigombea viatu vya watoto. Nguo, mchele na mafuta ya sikukuu nunua kabla ya Dominika ya Matawi. Kisha chagua ibada moja utakayohudhuria kwa moyo wote. Kwa mwenye watoto wadogo, ibada ya Ijumaa Kuu ya alasiri ni rahisi kuliko Mkesha wa Pasaka, ambao huenda hadi usiku mwingi. Ukienda Misa ya Pasaka asubuhi umeiadhimisha Pasaka sawasawa na aliyekesha. Na kwa kuwa kipindi hiki mara nyingi huangukia masika, weka mwavuli na sendo za plastiki mlangoni. Matope yamewakosesha wengi ibada kuliko shetani.

Ukianguka

Utaanguka. Utakula mshikaki Ijumaa kwa kusahau, utapiga kelele, utalala bila kusali. Usingoje Jumatatu, wala wiki ijayo, wala Majivu ya mwakani. Anza tena kwenye mlo unaofuata, au kwenye sala inayofuata. Ukianguka mara tatu mfululizo katika jambo lilelile, chukua karatasi yako, ulikate nusu tena. Yesu katika vituo 14 anaanguka mara tatu, na baada ya kila mara kuna kituo kingine mbele.

Basi mama mwenzangu, kabla hujaandika chochote, ikumbuke Jumanne yako iliyopita saa kwa saa: uliamka saa ngapi, ulikula nini, nani alilia, ulilala saa ngapi. Tafuta humo nafasi tatu ndogo, moja ya sala, moja ya kufunga, moja ya kutoa. Ziandike leo, na kesho asubuhi anza na ya kwanza kabla hujashika simu.